Msimu wa Kwenda Utende: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Huduma za Utalii na Usafiri wa Majini

Msafiri anayeuliza ni lini aende Utende, katika Kisiwa cha Mafia, aghalabu hujibiwa: Julai na Agosti. Jibu hilo hufuata likizo za shule za Ulaya kuliko mwenendo wa bahari ya Mafia. Mwenye kuzuru miji ya pwani ya Bahari ya Kati huchagua msimu kwa kupima joto na baridi. Utende joto halitofautiani sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni upepo, nao ndio huamua chombo kipi kitatoka, maji yatakuwa maangavu kiasi gani, na fedha aliyolipa mtumiaji itamfaa nini.

Kijiji hiki kimo ndani ya Ghuba ya Chole, kikikingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Hapo ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Kinga hiyo ya visiwa inafaa ikumbukwe wakati wa kusoma matangazo. Linapoandikwa "kupiga mbizi mwaka mzima", tangazo husema kweli kuhusu ndani ya ghuba. Nje yake, kusi inayovuma takriban kuanzia Mei hadi Septemba huchafua bahari, na miamba ya matumbawe iliyo upande wa bahari kuu mara nyingi haifikiki. Anayekwenda kwa ajili ya miamba hiyo asubiri Oktoba hadi Machi. Tukilazimika kutaja miezi miwili tu, tungetaja Oktoba na Novemba, wakati wa maleleji, kusi ikiwa imekoma na kaskazi haijashika, ingawa mvua za vuli huweza kuanza.

Papa potwe ndiye huwavuta wengi, na ndiye pia huzaa malalamiko mengi. Samaki huyu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, hukaribia ufuko kati ya Oktoba na Februari, wakati mwingine hadi Machi, akifuata uduvi na viumbe wengine wadogo. Utafiti uliofanywa kwa kuwafunga papa hao vifaa vya kutoa sauti umeonyesha kuwa wengi wao hawahami Mafia miezi mingine. Husogea mbali na ufuko, penye kina, wasikoonekana. Kwa hiyo ahadi ya "papa potwe Julai" haina uongo kamili ndani yake, lakini haimfai mteja. Jambo la pili ni kwamba papa hao hukusanyika upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka Utende. Uliza kabla ya kulipa: je, usafiri wa kwenda Kilindoni umo ndani ya bei? Na siku ambayo papa hakuonekana, hulipiwa nini? Mtoa huduma mwaminifu hatakuahidi mnyama wa mwituni.

Kusi nayo ina neema yake. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, yenye ubaridi wa wastani, na ndiyo miezi ambayo watoto wa kasa huanguliwa katika fukwe za Juani. Familia isiyopiga mbizi, inayotaka kutazama kasa, magofu ya Kua na popo wakubwa wa Chole, haina sababu ya kungoja kaskazi.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huja na bei za chini, na hoteli kadhaa za Utende hufungwa Aprili na Mei. Bei hiyo haiji bila hatari. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Kimbunga ni nadra katika pwani yetu; siku za chombo kuzuiwa kutoka kwa sababu ya upepo na mawimbi si nadra. Anayevuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni katika msimu huu aweke akiba ya siku mbili au tatu, asipange kikao cha kazi asubuhi ya kurudi, na asome taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku ya safari yenyewe. Chombo kikizuiwa, usimshawishi nahodha kuondoka, wala usihamie mashua isiyo na maboya ya kujiokolea ya kutosha abiria wote. Nauli iliyopotea hudaiwa.

Ili idaike, masharti yawe kwa maandishi kabla ya malipo: hali ya hewa ikizuia safari, je, fedha hurudishwa au tarehe husogezwa? Nani atagharamia usiku wa ziada? Neno "kulingana na hali ya hewa" pekee halitoshi, kwa kuwa halisemi hasara inamwangukia nani. Dai risiti ya kila malipo, na ada ya hifadhi ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, wala isikabidhiwe mkononi kwa mtu asiye na risiti. Aidha, mkaazi wa Tanzania aulize bei ya mkaazi, kwani mara nyingi haiandikwi kwenye tangazo.

Mwisho, baada ya kuchagua mwezi, tazama pia mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya Utende hupwa mbali na mashua hukaa juu ya tope. Safari ya Chole iliyoandikwa saa tatu asubuhi huweza kungoja hadi maji yajae. Muulize mwenye chombo saa za maji kupwa na kujaa kwa tarehe zako kabla ya kulipa malipo ya awali.