Wajane wa Matendo 6 na Bibi wa Muleba

Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 6, wengi wetu tunakimbilia kwa Stefano na asili ya ushemasi, na sababu yenyewe tunairuka. Kulikuwa na wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Hawakusahauliwa ovyo ovyo. Walikuwa wote wa upande mmoja, wale wa lugha ya Kiyunani. Mitume hawakutoa mahubiri ya kuwahimiza wagawaji waongeze huruma. Waliiambia jumuiya ichague watu saba, na majina yote saba tunayosomewa ni ya Kiyunani. Kwa maneno mengine, kazi ya kugawa ilihamia kwa upande uliokuwa unanung'unika.

Kwa jicho hilo tutazame hapa kwetu, mafrateri na waumini wa Kagondo na jirani zake.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka iliyofuata, nyumba nyingi za Muleba zilibaki na ncha mbili tu, bibi na wajukuu. Watu wa katikati walikuwa wamelala kibanjani. Kibanja chenyewe kikakosa mikono ya kukipalilia, na mwaka 2006 mnyauko wa migomba ukaingia wilayani ukakuta wazee wasio na nguvu za kung'oa mashina. Mtoto wa nyumba hiyo na mtoto wa jirani aliye na wazazi walienda shule moja. Ada ya msingi ilikuwa imefutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini ada haikuwa kikwazo pekee. Daftari, sare na sabuni ya kuifulia vilikuwa bado ni juu ya bibi.

Nshamba, humu humu wilayani, ndiko mradi wa Kwa Wazee ulikoanza mwaka 2003. Njia yake ilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba wengine waliitilia shaka: kumpa bibi fedha taslimu kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu anaowalea, kisha kumwachia aamue mwenyewe. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba katika jina lake chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hatuoni jina linaloeleza vizuri zaidi tofauti kati ya watoto wa kijiji kimoja. Nshamba hiyo hiyo, vijana yatima walijiundia chama chao, Vijana Simama Imara, wakiongozana wenyewe kwa wenyewe.

Tunachokiona muhimu hapa si kiasi cha fedha. Ni kwamba bibi hakuja kupanga foleni ya magunia yaliyochaguliwa na mtu mwingine. Sisi wa parokia, tuseme ukweli, tunapenda magunia. Yanapendeza kwenye picha.

Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea, anayetimiza masharti ya ukaazi, amekuwa akilipwa pensheni, ambayo ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama ni maskini au la. Bara tuna mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao huchagua kaya, na majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Hapo ndipo Matendo 6 inaporudi. Bibi asiyeweza kutembea hadi mkutanoni, nani atataja jina lake? Jumuiya ndogo ndogo inayosali nyumbani kwake inamjua. Kumtaja ni kazi ya jumuiya hiyo, kama ilivyo rozari ya Oktoba.

Lakini pensheni haitoshi ikiwa nyumba yenyewe haina kibanja. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 haimpi mjane sehemu ya urithi iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Na binti, kwa mila hiyo, aliweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Shauri lililotikisa jambo hili lilianzia Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, si mbali na Kagondo. Mwanamke aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia aliiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mwanaume wa ukoo wake akapinga. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Wilaya ikampa haki mwanamke, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba.

Hukumu ni moja, mazoea ni mengine. Baada ya matanga, kikao cha ukoo hukaa, hupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake hupelekwa mahakama ya mwanzo. Mjane mara nyingi yuko jikoni wakati huo akiwapikia wajumbe. Hakuna kanuni inayomkataza kukaa kikaoni, na mahakama inaweza kumteua yeye mwenyewe kuwa msimamizi. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kumwomba mzee wa ukoo, kwa adabu zote, amsubiri mama amalize kuepua chungu kabla kikao hakijafunguliwa, na kuuliza kama vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha kifo cha baba yao viko mikononi mwake.