SOMO LA IJUMAA: UNYUMBA UKIINGIA UGONJWA, TWENDE KWA NANI?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Baada ya kumhimidi Allah na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo watu hulilia ndani na kulificha nje. Mume na mke wanalala nyumba moja, wanakula chungu kimoja, lakini tendo la ndoa limewashinda. Mmoja hana nguvu, mwingine anaona maumivu, mwingine akiguswa tu anatetemeka. Mwisho wake tunauona: talaka, pombe, kutuhumiana uchawi, na mke wa pili anayeolewa kwa hasira. Je, jambo hili lapelekwa kwa daktari au mshauri? Na ni wakati gani?

1. KUULIZA SI AIBU

Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa na swali juu ya kitu kinachomtoka mwanamume. Aliona haya kumwuliza Mtume (S.A.W.), kwa kuwa alikuwa mkwewe. Hakunyamaza, alimtuma Miqdad amwulizie. Na yule mwanamke aliyeachwa na Rifaa akaolewa na Abdurrahman bin Zabir alikuja mwenyewe kusema kwamba mume huyo wa pili hana uwezo. Sahaba mmoja alitaka akemewe. Mtume (S.A.W.) alitabasamu, akamsikiliza, akamjibu. Basi sisi ni nani wa kumziba mke wetu mdomo?

Ni kweli, Mtume (S.A.W.) amekataza vikali kutangaza siri za kitandani. Lakini kutangaza barazani ni jambo moja, na kumweleza mtabibu mwaminifu ili upone ni jambo jingine. Sema kinachohitajika kwa matibabu, na usizidishe.

2. USHAURI HUO NI KITU GANI?

Ushauri juu ya unyumba si mgeni kwetu. Pwani kuna somo na kungwi, Buganda kuna shangazi anayeitwa ssenga, na kwetu mabibi hukaa na bibi harusi. Wazungu wameufanya kazi ya hospitali. Huko St. Louis, Marekani, daktari William Masters na mwenzake Virginia Johnson walitoa kitabu chao mwaka 1970 juu ya matibabu hayo. Waliwapokea mume na mke pamoja, si mmoja peke yake. Waliwazuia kwa muda wasifanye tendo lenyewe, wakawafundisha kugusana kwa upole wakiwa peke yao, bila haraka na bila kudaiana, mpaka hofu itoke. Maana hofu ya kushindwa ndiyo humshindisha mtu tena.

Elewa vizuri: mshauri wa kweli anazungumza nanyi na kuwapa mafundisho ya kwenda kuyafuata nyumbani. Kazi yake haihitaji kuwavua nguo wala kuwatazama mkiwa pamoja. Kama kuna haja ya kupima mwili, hiyo ni kazi ya daktari au muuguzi, kwa ruhusa yako, na mwanamke ana haki ya kuomba apimwe na mwanamke. Yeyote anayesema atakuponya kwa kulala nawe ni mzinifu na mwizi. Mkimbie.

3. JIPIME KWA MASWALI MANNE

La kwanza: limedumu muda gani? Uchovu wa shamba, malaria, msiba, mtoto mchanga, hayo hupita, yatakiwa subira. Likiendelea kwa miezi kama sita na linawahuzunisha, tafuteni msaada. Maumivu au damu isiyo ya kawaida haingoji miezi, nenda mapema.

La pili: ugonjwa uko mwilini au moyoni? Kisukari, presha, baadhi ya dawa za presha, pombe na tumbako huondoa nguvu za mwanamume. Tena kupungua huko kwaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwanamke aweza kuwa na uambukizo, au jeraha la uzazi, au fistula. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni kituo cha afya: pima sukari, presha na mkojo. Lakini mwanamume anayeamka alfajiri na nguvu zake, kisha zikampotea mbele ya mkewe, mara nyingi shida yake ni mawazo, na hapo ndipo ushauri unafaa zaidi.

La tatu: je, wote wawili mnataka? Anayeburutwa hatibiki. Anza peke yako, mwenzako atafuata akiona matunda.

La nne: je, kuna kipigo na vitisho ndani ya nyumba? Kama vipo, usianze na ushauri wa kitanda. Kwanza usalama wa anayepigwa. Wazee na jamaa waingie kati.

4. VITA VIMEINGIA CHUMBANI

Ndugu zangu wa Fizi, sisi tuna jeraha letu. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 wanawake wengi walibakwa na askari pale Fizi, na mwezi wa Februari mwaka uleule mahakama ya kijeshi iliketi Baraka ikawahukumu vifungo, pamoja na mkuu wao. Hayo ni machache yaliyofika mahakamani. Mke aliyepitia hayo akikataa kuguswa, hakuchukii. Mwili wake unakumbuka. Hana dhambi, maana aliyelazimishwa haandikiwi kosa. Kumwacha kwa sababu hiyo ni kumpiga mara ya pili. Na wapo wanaume pia waliotendwa hivyo, wakanyamaza.

Kwa watu hawa ushauri si anasa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018, hutibu mwili na roho, na husaidia upande wa sheria na maisha. Karibu zaidi, uliza kituo cha afya kama kina msaidizi wa kisaikolojia, wale tunaowaita APS. Na jambo la kushika: aliyebakwa afikishwe kituoni ndani ya saa 72, apewe dawa za kuzuia ukimwi. Saa hizo zikipita, bado aende.

Tena wako waliotenganishwa, huyu Nyarugusu kule Tanzania, yule machimboni Misisi. Inapokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimwuliza binti yake Hafsa mwanamke astahimili muda gani bila mume, akaweka mpaka wa miezi kwa askari wake. Mwenye kuchimba dhahabu na aangalie hapo.

5. TAHADHARI

Vidonge vya nguvu vinavyouzwa sokoni bila kipimo vyaweza kuua. Dawa ya sildenafil ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati huangusha presha ghafla. Na anayekuambia kwamba jirani amekufunga anakuuzia uadui pamoja na mizizi.

6. SHERIA INATOA MWAKA

Wanazuoni wa fiqhi wamesema: mke akimshitaki mume kwa kutoweza, kadhi humpa mume muhula wa mwaka mmoja, misimu yote ipite, joto na baridi, huenda akapona. Asipoweza, mke ana haki ya kutengana naye. Tazameni uadilifu wake: mume haharakishwi, na mke hafungwi milele. Lakini mwaka huo si wa kukaa kimya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Basi anayejua ana ugonjwa katika ndoa yake, wiki hii azungumze na mwenzake kwa upole, kisha waende wote wawili kituoni.

Ewe Mola, tutengenezee nyumba zetu, uwaponye waliojeruhiwa katika nchi yetu, na utie mapenzi na huruma baina ya waume na wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.