Chungu Maji Moto: Adui au Rafiki?

Mtu yeyote aliyekwea mwembe au mnazi hapa pwani awajua maji moto, wale chungu wa rangi ya hudhurungi wanaong'ata na kumwaga tindikali katika jeraha. Kwa sababu hiyo wengi huwachoma kwa mienge. Nataka kueleza kazi yao, ili kila msomaji apime mwenyewe kama wastahili adhabu hiyo.

Kwanza, nyumba yao. Maji moto hawachimbi ardhi wala hawatoboi mti. Hujenga kwa majani mabichi. Watenda kazi hujipanga mstari, wakayavuta majani mawili mpaka yakakutana. Wengine huwashika mabuu kwa taya na kuwapitisha huku na huku kama mfumaji apitishavyo uzi, kwa maana hariri ya kushonea hutoka kinywani mwa buu.

Pili, chakula. Muhula huu nimewatazama katika mwembe ulio nyuma ya bweni letu. Nilipoweka panzi mfu juu ya tawi, chungu mmoja alimgusa akaenda zake. Punde wakaja wengi, wakamkamata miguu na kumburura mpaka kiotani. Nyama hiyo hasa ni ya mabuu. Wakubwa hupenda utamu: huvilinda vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mti, wakanywa maji matamu yatokayo kwavyo. Hapo mti hupata hasara kidogo.

Tatu, faida. Yuko mdudu wa jamaa ya kunguni afyonzaye vidaka vya minazi, vikaanguka kabla ya kuwa madafu. Mtaalamu M. J. Way alimchunguza huko Unguja, na maandishi yake ya mwaka 1953 yalionyesha kwamba maji moto huikinga minazi na mdudu huyo. Mikorosho nayo hupata ulinzi wao. Lakini wako chungu wengine, wadogo, wakaao ardhini, ambao huwafukuza maji moto. Hapo minazi hubaki bila askari.

Basi, wazazi wenye mashamba na wenzangu tutakaoyarithi, tufikiri kabla ya kuwasha mwenge. Maumivu ya mkwezi hupoa siku ile ile. Kidaka kilichoanguka hakirudi mtini, na nazi huchukua karibu mwaka mzima kukomaa.