Gari Likichemka, Usikimbilie Kifuniko!

Ndugu msomaji, umewahi kuona matatu imekwama kwenye mwinuko wa Mai Mahiu, boneti wazi, mvuke unafuka? Mara nyingi maji ya rejeta yamepungua.

Kosa kubwa ni kukimbilia kifuniko. Hapa Nairobi maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Ya rejeta yamebanwa kwa shinikizo, kwa hivyo hupita 100 kabla ya kuchemka. Ukifungua tu, shinikizo linatoka, maji yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni!

Basi fanya hivi:

1. Mshale wa joto ukipanda, egesha kando, zima injini.
2. Ngoja nusu saa au zaidi, rejeta ipoe kabisa.
3. Shika kifuniko kwa kitambaa kinene, ufungue polepole.
4. Ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi kwenye chuma cha moto huweza kukipasua.
5. Kagua mipira. Maji hayapungui bure. Mpelekee fundi gari.

Haraka haraka haina baraka. Heri kuchelewa kuliko kubabuka uso.