Swali na Jibu: Kutazama Ndege Karura

SWALI: Ninaishi Nairobi na ningependa kuanza kutazama ndege katika Msitu wa Karura. Nianzie wapi, na ninunue darubini gani?

JIBU: Karura ina zaidi ya hektari 1,000, lakini mwanagenzi hufanya vyema kuanza majini, si mitini. Kando ya Ziwa la Lily ndege hukaa wazi: korongo husimama akivizia samaki, naye mdiria hujitupa majini kutoka tawini. Hapo jicho hujifunza umbo na mwendo kabla ya rangi.

Msituni kazi huwa ya masikio. Shorobo wa Hartlaub husikika akikoroma juu ya mti muda mrefu kabla hajaonekana, maana ukijani wake humficha majanini. Akiruka tu, mabawa hufunuka mekundu. Wekundu huo hutokana na turasini, rangi yenye madini ya shaba. Kima wakipiga kelele ghafla, msomaji atazame juu: huenda tai mwenye taji, anayewawinda, yuko karibu.

Wakati bora ni saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Oktoba hadi Aprili huongezeka ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia.

Darubini ya 8x42 inatosha. Namba 8 ni ukuzaji. 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi pana hupokea mwanga zaidi kwenye kivuli cha miti. Kabla ya kununua, msomaji anaweza kujionea za wengine kwa kujiunga na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971.