Oili ya Difu: Kazi Ndogo ya Nyumbani Inayookoa Tuktuk ya Mizigo

Asubuhi mjini Kitengela, tuktuk za mizigo hupangana kando ya barabara ya Namanga zikisubiri kazi. Moja imebeba mitungi ya maji, nyingine saruji ya anayejenga Kisaju, nyingine nyasi kavu za ng'ombe wa Isinya. Mwendeshaji akiulizwa ni lini alibadilisha oili ya injini, hujibu mara moja. Akiulizwa kuhusu oili ya difu, si ajabu kukosa jibu.

Hilo si kosa la uvivu. Oili ya injini ina kijiti cha kupimia au kioo cha kutazamia. Oili ya difu imefichwa ndani ya chuma nyuma ya chombo, haina taa ya kuonya, na haipungui kwa haraka. Inakumbukwa difu inapoanza kulia, na wakati huo meno ya gia huwa yamekwisha kuliwa. Kuibadilisha ni kazi inayoweza kufanyika nyumbani kwa muda wa saa moja hivi, kwa vifaa vichache. Makala hii inaeleza jinsi ya kuifanya kwa usalama, na nini kifanyike kuhusu oili chafu itakayotoka.

Kazi ya difu na shafti

Bodaboda nyingi hutumia cheni kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Cheni huonekana kwa macho: ikilegea hukazwa, ikikauka hupakwa oili. Tuktuk nyingi za mizigo hazina cheni. Zina shafti ndefu, ambayo mafundi huiita propela, inayotoka kwenye injini hadi kwenye ekseli ya nyuma. Teknolojia hii si ngeni. Pikipiki ya kwanza ya kampuni ya BMW, iitwayo R32, ilitoka mwaka wa 1923 ikiwa na shafti, na hadi leo baadhi ya pikipiki kubwa za safari ndefu hutumia mpango huo huo.

Shafti huzunguka kwa kufuata urefu wa chombo, lakini gurudumu linahitaji kuzunguka kuelekea mbele. Kwa hiyo nguvu lazima ipigishwe kona. Kazi hiyo hufanywa na gia mbili: pinioni, ambayo ni ndogo, na krauni, ambayo ni kubwa. Kwenye tuktuk, difu pia huruhusu gurudumu la upande mmoja kwenda kasi kuliko la upande wa pili wakati wa kukata kona. Pikipiki ya magurudumu mawili haihitaji hilo, na ina sanduku dogo tu la gia kando ya gurudumu la nyuma.

Meno ya pinioni na krauni hukandamizana na kusuguana kwa wakati mmoja, huku yakibeba uzito wote wa mzigo. Kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikiingiliwa na maji, chuma hugusa chuma. Kwanza husikika mlio mwembamba wa kulia, kisha kelele za kukwaruza, na mwishowe jino huvunjika. Jino lililovunjika likikwama kati ya gia, magurudumu ya nyuma yanaweza kufunga ghafla. Kwenye barabara inayotumiwa na malori yanayokwenda na kutoka mpakani Namanga, tuktuk iliyosimama ghafla na mzigo mzima ni hatari kwa maisha.

Kwa nini Kajiado ni mtihani kwa difu

Sehemu kubwa ya Kitengela na viunga vyake ina udongo mweusi wa pamba. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka na kutoa vumbi. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, hugeuza barabara za mitaani kuwa tope zito na madimbwi.

Juu ya ekseli nyingi kuna tundu dogo la kupumulia. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hupanuka na kutokea hapo. Tope likiziba tundu hilo, hewa hukosa njia na kuisukuma oili ipite kwenye sili za kando. Oili hiyo inaweza kufika kwenye viatu vya breki, na breki zenye oili hazishiki.

Kuna jambo jingine. Chombo kilichofanya kazi tangu asubuhi kikivuka mto au dimbwi refu, difu yenye joto hupoa ghafla. Hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia tundu au sili iliyochoka. Maji hayo huchanganyika na oili na kuanza kuleta kutu. Ndiyo sababu aliyevuka maji yaliyofunika ekseli hapaswi kusubiri tarehe ya huduma. Aikague oili hiyo mapema.

Kuchagua oili

Difu haitumii oili ya injini. Inahitaji gia oili yenye kemikali maalumu za kuhimili mgandamizo wa meno. Kwenye chupa, oili ya aina hiyo huandikwa GL-5, pamoja na kiwango cha uzito kama 80W-90 au 85W-140. Kitabu cha chombo ndicho kinachosema ni uzito upi unaofaa na ni kiasi gani. Aliyepoteza kitabu aulize kwa wakala wa chombo chake kabla ya kununua.

Kinyume chake pia ni kweli: gia oili ya GL-5 haifai kutiwa kwenye injini ya pikipiki. Katika pikipiki nyingi klachi huoga ndani ya oili ya injini, na oili isiyofaa huifanya iteleze. Vilevile, katika tuktuk nyingi za abiria difu huungana na giaboksi karibu na injini. Mwenye chombo cha aina hiyo asifuate hatua zilizo hapa chini bila kusoma kitabu chake.

Oili bandia ni hasara mara mbili. Mnunuzi akague kama kifuniko kimefunguliwa, na atafute alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa ujumbe mfupi: herufi SM, alama #, kisha nambari ya kibali, kwenda 20023.

Vifaa vinavyohitajika

Gia oili mpya, spana au soketi inayokaa sawasawa kwenye bolti, washa mpya za bolti, beseni pana, brashi na vitambaa, sirinji kubwa, au faneli na kipande cha mpira, glavu, mawe au vigingi vya kuzuia magurudumu, na mtungi wenye kifuniko kizuri wa kuwekea oili chafu.

Hatua kwa hatua

1. Kupasha oili joto. Mwendeshaji aendeshe chombo kwa takriban dakika kumi. Oili yenye uvuguvugu hutoka haraka na kubeba uchafu. Isiwe ya moto wa kuunguza mkono.

2. Kuegesha. Mzigo ushushwe. Chombo kisimame mahali tambarare, injini izimwe, ufunguo utolewe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu asiingie chini ya chombo kinachoshikiliwa na jeki peke yake. Watoto wakae mbali.

3. Kusafisha. Tope lililo karibu na bolti liondolewe kwa brashi na kitambaa kabla ya kufungua chochote. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani, itasaga gia kila siku.

4. Kufungua bolti ya kujazia kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea. Bolti ya juu, ya kujazia, ifunguliwe kabla ya ile ya chini. Ikiwa imeshika kutu na inakataa, chombo bado kina oili yake na kinaweza kufika kwa fundi. Aliyemwaga oili kwanza kisha akashindwa kufungua bolti ya kujazia amebaki na tuktuk isiyoweza kwenda popote.

5. Kumwaga. Beseni liwekwe chini, kisha bolti ya chini ifunguliwe polepole. Oili iachwe itiririke hadi ibaki matone.

6. Kuikagua oili ya zamani, kama inavyoelezwa katika sehemu inayofuata.

7. Kufunga bolti ya chini. Bolti ifutwe na kuwekewa washa mpya. Ianze kufungwa kwa vidole ili nyuzi zisipishane, kisha ikazwe kwa spana kwa kiasi kilichotajwa kwenye kitabu. Kutumia nguvu zote za mkono huharibu nyuzi, hasa kwenye kasha la alumini.

8. Kujaza. Katika ekseli nyingi, kipimo ni tundu lenyewe la kujazia: oili itiwe taratibu hadi iguse ukingo wa chini wa tundu, chombo kikiwa kimesimama sawa. Pikipiki nyingine hupimwa kwa mililita, na hapo kitabu kifuatwe. Kuzidisha si kuongeza ulinzi. Oili ya ziada hutafuta njia ya kutoka kwenye sili.

9. Kumalizia. Bolti ya juu ifungwe na washa mpya, tundu la kupumulia lisafishwe, na oili iliyomwagika ifutwe. Viungio vya shafti vyenye nipeli vitiwe grisi. Baada ya safari fupi, bolti zote mbili zikaguliwe kama zinavuja.

Oili ya zamani inavyozungumza

Kabla ya kuimimina kwenye mtungi, oili iliyotoka itazamwe kwenye mwanga. Ikiwa ya rangi ya asali au kahawia, difu iko salama. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua, imekaa kupita muda au mzigo umezidi. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, na mahali yanapoingilia lazima patafutwe.

Bolti nyingine zina sumaku. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, hasa chombo kikiwa kipya. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni onyo: ni meno ya gia au beringi. Hapo oili mpya haitatibu ugonjwa. Chombo kiende kwa fundi kabla ya kubeba mzigo mwingine.

Tarehe na usomaji wa kilomita viandikwe kwenye daftari. Chombo kipya huhitaji badiliko la kwanza mapema, kwa sababu gia mpya hutoa unga wa chuma zinapozoeana. Baada ya hapo muda wa kitabu ufuatwe, na ufupishwe kwa chombo kinachobeba mizigo mizito au kupita majini kila mara.

Oili chafu isirudi kwenye kisima

Anayebadilisha oili nyumbani amejichukulia pia jukumu ambalo lingekuwa la gereji. Oili iliyotumika imo katika kundi la taka hatari kwenye kanuni za taka za mwaka wa 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999, na wanaoisafirisha huhitaji leseni ya NEMA.

Kiasi kinachotoka kwenye difu huonekana kidogo. Hata hivyo, idara ya mazingira ya Marekani, EPA, hueleza kuwa oili ya badiliko moja tu la injini ya gari inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Ikimwagwa uani Kitengela wakati wa kiangazi, huingia kwenye nyufa za udongo mweusi. Ikimwagwa mtaroni, mvua ya kwanza huipeleka mitoni, na maji ya huku huelekea Mto Athi, ambao huitwa Galana kisha Sabaki kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani ng'ombe na mbuzi huyanywa.

Kwa hiyo oili chafu isipakwe nguzo za ua kwa sababu ya mchwa, isinyunyizwe chini kutuliza vumbi, na isipakwe kidonda cha mfugo. Imiminwe kwenye mtungi usiovuja, isichanganywe na petroli, maji wala oili ya breki. Mtungi uandikwe OILI CHAFU na kuwekwa mbali na watoto. Chupa ya soda au ya maji isitumike, kwa kuwa mtoto anaweza kuinywa. Ukijaa, upelekwe kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili kwa ajili ya msafirishaji mwenye leseni. Ni vyema kuuliza kwanza kama wanapokea. Waendeshaji wa steji moja wanaweza kuwa na mtungi mmoja mkubwa wa pamoja na kuupeleka kwa zamu.

Mwendeshaji akimaliza kazi hii, kwa nje tuktuk itaonekana ile ile ya jana. Tofauti imo ndani: meno ya gia yana oili safi, breki ni kavu, na daftari lina tarehe. Safari nyingine ya Isinya ikipatikana, atapakia mzigo akijua kilicho nyuma yake kikoje.