Jeraha la Sentimita Moja na Nusu

Kabla hatujaanza, hebu chukua rula yako. Tazama sentimita moja na nusu. Ni kidogo, siyo? Sasa leo tunazungumza juu ya msichana wa miaka 19 aliyechomwa kisu mgongoni, kikaingia kiasi hicho tu. Kidonda chenyewe kilihitaji wiki chache kupona, na kweli kilipona. Lakini alikaa zaidi ya miaka miwili bila kucheza, na shida nyingine iliyoanza siku zile ilimsumbua karibu miaka kumi. Kwa nini? Hapo ndipo penye somo letu.

Jina lake ni Monica Seles. Alizaliwa mwaka 1973 katika mji wa Novi Sad, uliokuwa Yugoslavia wakati huo na leo uko Serbia. Baba yake, Karolj, alikuwa mchora katuni. Ndiye aliyemfundisha tenisi, na ili binti asichoke na mazoezi alimchorea vikatuni kwenye mipira. Walikuwa wakifanya mazoezi mahali pa kuegeshea magari, wavu umefungwa kati ya gari na gari. (Wewe unayesema shule yenu haina uwanja, umesikia?) Monica alishika raketi kwa mikono miwili, kulia na kushoto, na kila akipiga mpira aliguna kwa sauti hadi wapinzani wakalalamika.

Mwaka 1990, akiwa na miaka 16, alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa kwa kumfunga Steffi Graf wa Ujerumani kwenye fainali. Mwaka uliofuata akawa namba moja duniani. Tenisi ina mashindano makubwa manne kila mwaka: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Kabla hajatimiza miaka 20, Monica alikuwa ameshashinda mara nane.

Halafu ikafika tarehe 30 Aprili 1993, mjini Hamburg, Ujerumani. Alikuwa anaongoza dhidi ya Magdalena Maleeva. Wakati wa mapumziko mafupi ameketi kwenye kiti, mgongo kwa watazamaji, mwanamume mmoja akainama juu ya uzio na kumchoma kisu kati ya mabega. Mtu huyo alikuwa shabiki wa Graf, na alitaka Graf arudi kuwa namba moja. Graf mwenyewe hakuhusika kabisa, tena alikwenda kumwona hospitalini. Mahakama ikampa yule mtu kifungo cha miaka miwili cha nje. Yaani hakwenda jela! Monica hakurudi tena kucheza Ujerumani.

Sasa tuje kwenye afya. Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha anaweza kupona ngozi huku akili bado iko palepale lilipotokea. Anaota ndoto mbaya, anashtuka kwa kelele ndogo, anakwepa kila kinachomkumbusha. Si uoga wala si kujidekeza. Mwili umejifunza kuogopa, na unahitaji muda na msaada ili ujifunze upya. Na kwa Monica hofu haikuja peke yake: mwaka huohuo baba yake aligunduliwa kuwa na saratani.

Kwake maumivu yalitokea mlango usiotarajiwa, nao ni chakula. Mwaka 2009 alitoa kitabu na kueleza wazi kwamba katika miaka ile alikuwa akila kupita kiasi, kwa siri, bila kuwa na njaa. Mchana mazoezi makali, usiku anakula ili asihisi chochote. Waandishi wa magazeti wakaandika juu ya mwili wake kana kwamba ni mali ya umma. Walimu wa mazoezi wakamwandikia orodha za vyakula vya kukatazwa, naye kila alipojinyima sana, baadaye alikula zaidi.

Msomaji, hilo la mwisho lisome mara mbili. Kujinyima kupita kiasi huongeza hamu ya kula bila kujizuia. Mtu hula kingi kwa muda mfupi, anahisi hawezi kuacha, kisha anajichukia. Hali hii ikijirudia wiki hadi wiki ni ugonjwa, na tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameupa nafasi yake katika orodha yao rasmi ya magonjwa. Si ulafi. Huwapata wasichana na wavulana, wanene na wembamba. Wengine huzuni huwapeleka upande wa pili kabisa. Mimi nilipofiwa na bibi, nikiwa kidato cha pili, chakula hakikupita kooni kwa siku kadhaa, na bwenini nilichoambiwa ni neno moja tu: jikaze.

Monica alijikaza, na alishinda pia! Alirudi Agosti 1995, akabeba kombe la Kanada katika mashindano yake ya kwanza, na Januari 1996 akashinda Australia, kikombe chake kikubwa cha tisa na cha mwisho. Ukimtazama ungesema amepona. Kumbe bado. Mei 1998 baba yake akafariki. Wiki chache baadaye Monica alifika fainali ya Ufaransa, pete ya ndoa ya baba ikining'inia kwenye mkufu shingoni. Alifungwa na Arantxa Sánchez Vicario.

Mabadiliko yalikuja wakati ambao wengi wangeuita wa kushindwa. Mwaka 2003 aliumia mguu, akaacha kucheza. Badala ya mazoezi ya adhabu akaanza kutembea tu. Akaacha orodha za kujinyima, akajipa nafasi ya kumlilia baba yake. Ndipo ule ulaji wa usiku ukaanza kupungua. Alistaafu rasmi Februari 2008.

Kama unajiona humu, au rafiki yako, usingoje miaka kumi. Tafuta mtu mmoja unayemwamini: matroni, mwalimu wa ushauri, shangazi, muuguzi wa zahanati. Sema hata sentensi moja: "Siku hizi nakula na siwezi kuacha," au "Tangu msiba silali." Na wewe unayemwita mwenzako "bonge" kwenye foleni ya chakula, sasa unajua huenda ni nini kilichomo ndani ya sahani yake.

Agosti 2025 Monica alizungumza tena hadharani. Alieleza kwamba wakati akicheza alianza kuona mipira miwili badala ya mmoja, na mikono na miguu ikawa dhaifu. Mwaka 2022 alipimwa, akakutwa na ugonjwa ambao kinga ya mwili huvuruga mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Safari hii kutoka kupimwa hadi kusema ilimchukua miaka mitatu hivi. Jadilianeni kwenye klabu yenu ya afya: shuleni kwenu, mwanafunzi mwenye jeraha lisiloonekana humchukua muda gani kusema, na ni nani au nini kinachomchelewesha?